Kabla Hujampiga Picha Mmasai na Simu

Mmasai aliyevaa lubega, simu sikioni. Picha hiyo inauzika sana, na anayeipiga hudhani ameivunja dhana kwamba Waafrika wamebaki nyuma. Mimi naona ameitia nguvu, maana inamshangaza tu yule anayeamini kuwa lubega na simu havikai pamoja. Ungesubiri kidogo. Mmasai huyohuyo, ambaye ni mlinzi, asubuhi getini, amevua kandambili, anasoma ujumbe kuona kama hela ya ndama aliyeuzwa mnadani kwao imeingia. Hapo simu imekuwa kitu cha kazi, na yeye ni mtu mwenye shughuli zake.

Mwaka 2012 Wamarekani wawili, mpiga picha Peter DiCampo na mwandishi Austin Merrill, walikuwa Ivory Coast kuandika habari za baada ya vita. Pembeni ya kazi ile wakaanza kupiga kwa simu mambo ya kawaida waliyokuwa wakiyaona kila siku. Ndivyo ulivyozaliwa mradi wa Everyday Africa, ukajulikana kupitia Instagram, ukajaa wapiga picha wa Kiafrika wenyewe, kisha ukaigwa sehemu nyingine za dunia. Huhitaji kamera ya mamilioni kufanya kama wao.

Anza mtaani kwako, unakojulikana. Salimia kwanza, eleza picha inakwenda wapi, omba ruhusa. Mtu akikataa, shukuru na upite. Kwa mtoto, muombe mzazi au mlezi. Sheria nazo zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kambi za jeshi na vituo vya polisi viache kabisa.

Mama ntilie akiwa kwenye kigoda, chuchumaa nawe. Ukimpiga kutoka juu anaonekana mnyonge, hata kama ndiye anayesomesha watoto watatu kwa sufuria zile. Usimwambie atabasamu. Kaa mpaka akusahau, arudi kuhesabu chenji na kumgombeza mteja wa mkopo.

Wengine, kwa kukimbia picha za njaa, hukimbilia maghorofa ya Posta na Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam. Hilo nalo ni tangazo. Maisha ya watu wengi yako katikati: foleni ya daladala, sare ya shule inayopigwa pasi ya mkaa, mzee anayebishana juu ya Simba na Yanga.

Kazi kubwa inabaki kwenye maelezo. Ukiandika “mwanamke wa Kiafrika sokoni”, umeshaharibu picha nzuri. Andika jina lake kama ameridhia, mahali, tarehe na anachofanya: anauza dagaa wa Kigoma, Soko la Tandale, Jumamosi asubuhi. Maelezo mafupi ya namna hiyo yanamzuia mtu wa mbali asiichukue picha akaipachika kwenye habari ya umaskini.

Kabla ya kuitoa, mwonyeshe mwenyewe. Akisema “hapa umenidhalilisha”, ifute mbele yake, usibishane naye kuhusu sanaa. Na kama ulimuahidi mtu kumtumia picha yake, mtumie leo.