Soketi za Inchi na za Milimita: Kikundi Kinunue Zipi?



Vikundi vingi vijijini vinategemea chombo kilichozaliwa kabla ya wanakikundi wenyewe. Ni Land Rover kuukuu, ni trekta ya Massey Ferguson 135, au ni injini ya Lister inayozungusha kinu cha posho. Kule Nairobi gari la umri huo linang'arishwa na kupelekwa kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Kwetu linabeba mahindi, na siku nyingine mgonjwa. Kazi ni tofauti lakini nati ni zile zile, na somo letu linahusu soketi za kufungulia hizo nati.

Swali linaonekana dogo. Lakini tuseme mweka hazina amepewa pesa za kikundi, akaenda mjini, akarudi na sanduku zuri la soketi zinazong'aa, zote za milimita. Wiki ya kulima trekta inakwama. Nati inayotakiwa kufunguliwa ni ya 9/16. Soketi ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Kijana mmoja mwenye nguvu anachukua ile ya 15, anasukuma, na nati inaisha pembe. Sasa kazi ya dakika moja inataka tindo, nyundo, au fundi wa kuchomelea aje na mashine yake. Pesa imetoka mara mbili, na mvua haingoji mtu.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, tujue nati zetu ni za ukoo gani. Koo ziko tatu.

Ukoo wa kwanza ni wa Whitworth. Huyu Joseph Whitworth alikuwa fundi wa Uingereza, naye mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja cha thredi, yaani yale meno yanayozunguka boliti, kwa sababu kila karakana ilikuwa ikikata meno yake kivyake. Baadaye ukaja mdogo wake mwenye meno membamba zaidi, anayeitwa BSF. Injini za zamani za Lister zilizotoka Uingereza ni za ukoo huu. Land Rover za kwanza kabisa, Series I za 1948 hadi 1958, kwa sehemu kubwa ni za huyu mdogo, BSF.

Ukoo wa pili nao ni wa inchi, lakini si ndugu wa wa kwanza. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada walikubaliana thredi moja ya kutumiwa na wote. Meno membamba wakayaita UNF na manene UNC. Soketi zake zimepigwa chapa AF. Massey Ferguson 135 kwa sehemu kubwa ni ya hapa. Land Rover kuanzia Series II ya 1958 zilianza kuingiza UNF, lakini BSF haikuondoka mara moja. Gari moja la miaka ya 60 laweza kuwa na koo mbili chini ya boneti moja, na kama limepita mikononi mwa mafundi wengi, hata tatu.

Ukoo wa tatu ni wa milimita. Peugeot 404 na 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Toyota na Datsun, hizo zote ni milimita. Wajapani wana tabia yao: boliti yenye unene wa milimita 8 wanaipa kichwa cha 12, wakati Wazungu wa bara wanaipa cha 13. Ndiyo maana kwenye Toyota utatumia 10, 12 na 14 kutwa nzima, na 13 ikakaa tu sandukuni.

Sasa tufike mahali penye kuchanganya watu wengi, hata mafundi. Namba iliyo kwenye soketi ya AF au ya milimita ni upana wa nati, kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa pili. Namba iliyo kwenye soketi ya Whitworth si upana wa nati hata kidogo. Ni unene wa boliti inayopita ndani ya nati. Kwa hivyo soketi ya 5/16 AF ina mdomo wa karibu milimita 8, na soketi ya 5/16 W ina mdomo wa milimita 15 na kitu. Namba moja, lakini mdomo mmoja ni karibu mara mbili ya mwingine! Mtu akitumwa dukani na karatasi iliyoandikwa "5/16" peke yake, hata muuzaji mwaminifu anaweza kumpa isiyofaa. Na ukiona soketi imeandikwa 1/4 W upande mmoja na 5/16 BS upande wa pili, usidhani kiwanda kimekosea. Mdomo huo mmoja unafaa boliti zote mbili, kwa kuwa BSF hutumia kichwa kidogo kwa hatua moja.

Wengi watauliza: si hizi namba zinakaribiana tu, kwani lazima tununue zote? Baadhi zinakaribiana kweli, na hapo kikundi kinaweza kuokoa pesa. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukipiga hesabu, 5/8 ni 15.9, kwa hivyo soketi ya 16 inaishika vizuri. 3/4 na 19 ni kama mapacha. 5/16 AF na 8 pia, na 15/16 na 24, na 1 1/16 na 27. Hizo tumia bila wasiwasi.

Lakini 9/16 ni 14.3, na tumeona mambo yake. 11/16 ni karibu 17.5: ya 17 haiingii, ya 18 inateleza. 7/8 ni 22.2, na ya 22 inabana au inakataa kabisa. Kwa upande wa Whitworth hali ni mbaya zaidi. 1/4 W ni 13.3, haishikwi na 13 wala 14 wala 1/2 AF. Lakini 3/8 W inakubali soketi ya 18.

Ile tunayoiogopa hasa ni 1/2 AF, ambayo ni 12.7. Soketi ya 13 inaingia, na fundi atakuapia kwamba ni sawa. Kwenye nati safi isiyokazwa sana itakubali. Kwenye nati yenye kutu, au ya breki, au ya usukani, ile nafasi ndogo inatosha soketi kupanda juu ya pembe na kuzila. Halafu mkono wako unagonga chuma. Tunasema hivi: inayokaribia kuingia ni hatari kuliko isiyoingia kabisa, kwa sababu isiyoingia utaiweka chini.

Thredi nazo zina mtego wa namna hiyo hiyo. Boliti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.9, na ya milimita 8 ni 8. Kwa macho ni moja. Lakini meno hayalingani: UNF ina meno 24 kwa inchi, UNC 18, BSF 22, na ya milimita 8 ya kawaida ina nafasi ya 1.25 kati ya jino na jino. Ukifunga boliti ya ukoo mwingine itazunguka mara mbili au tatu kwa vidole, kisha itakaza. Hapo simama. Ukiendelea na spana utaharibu meno ya ndani ya injini, na hayo hayauzwi dukani.

Utajuaje ukoo? Safisha kichwa cha boliti kwa brashi ya waya na dizeli kidogo. Ukiona namba kama 8.8 au 10.9, hiyo ni milimita. Ukiona viduara vidogo vilivyoshikana kwa mstari, ni ukoo wa pili. Kichwa kisicho na alama hakikuambii kitu, kwa hivyo pima kwa kalipa, kile chombo cha midomo miwili. Kalipa moja ya kikundi ina faida kuliko nusu ya sanduku la soketi.

Kuhusu ununuzi wenyewe, maoni yetu ni kwamba sanduku kubwa halifai. Nunueni moja moja zile mnazozihitaji. Kwa trekta ya 135 mngeanza na 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4, 7/8 na 15/16 za AF. Whitworth haionekani kwa urahisi dukani, lakini za mitumba hupatikana kwa wauzaji wa spea kuukuu, kama wale wa Barabara ya Kirinyaga huko Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan. Bebeni nati yenyewe mfukoni, mjaribu papo hapo.

Chagueni ya pembe sita badala ya pembe kumi na mbili. Ya kumi na mbili ni rahisi kuingiza mahali penye nafasi ndogo, lakini inashika karibu na pembe za nati, na nati zetu zimechoka tayari. Lile shimo la mraba nyuma ya soketi hupimwa kwa inchi hata kwenye soketi za milimita, kwa hivyo mkono mmoja wa 1/2 unatumikia koo zote tatu. Racheti, ile inayolia kere-kere, ni ya kuzungushia nati iliyokwisha kulegea. Ya kulegezea ni mkono mrefu usio na meno ndani. Mkitia bomba kwenye racheti mtakuwa mnanunua nyingine.

Spana ya kupanua na kubana mdomo, ile ambayo mafundi wameipa jina tusiloweza kuandika katika gazeti hili, ibaki kwa kazi za mabomba ya maji.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao: watu wawili wachague nati ishirini zinazofunguliwa mara kwa mara kwenye chombo chenu, za magurudumu, betri, chujio la mafuta, breki na kadhalika. Wazisafishe, wazipime kwa milimita, waandike daftarini nati iko wapi, upana wake na soketi inayoishika bila kucheza. Kisha mweka hazina alinganishe orodha hiyo na soketi zilizomo sandukuni sasa, na zilizokosekana ndizo zinunuliwe.