Majaribio ya Kuruka na ya Anga za Juu Nyumbani kwa Mtoto

Mwalimu mwanafunzi anapopangiwa kufundisha kuruka kwa vitu au anga za juu wakati wa mazoezi ya kufundisha, aghalabu hukimbilia ubao. Huchora roketi, huandika majina ya sehemu zake, na watoto hunakili. Kipindi huisha kwa amani, wala hakuna aliyejifunza kwa nini kitu chochote hupaa. Walio na bidii zaidi huagiza jaribio la nyumbani: kesho kila mmoja alete puto na mirija miwili. Kesho yake huleta watoto wachache tu, nao ni wale ambao wazazi wao wana maduka.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba jaribio la nyumbani halina budi kuingia ndani ya kazi ambazo mtoto amekwisha kupewa na wazazi wake. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, watoto wengi wakitoka shuleni hawana saa ya ziada ya kuchezea sayansi. Mvulana huenda machungani; msichana hupepeta ulezi, huteka maji na kukoka moto. Jaribio lisilokumbuka jambo hili hufanywa na wavulana peke yao, kwa kuwa machungani kuna nafasi na anga tele, kisha mwalimu huandika kwamba wasichana hawapendi sayansi. Nimelisoma hitimisho hilo katika ripoti za mazoezi zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo tuanze na ungo. Mpepetaji anajua kwamba upepo huchukua makapi na kuacha ulezi. Ukiuliza sababu, utajibiwa kuwa makapi ni mepesi. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na usilikatae, liache lijaribiwe. Nyumbani, mtoto achukue karatasi mbili zinazolingana kutoka daftari lililokwisha. Moja aifinyange iwe kama jiwe, ya pili aiache wazi, kisha aziachie kwa pamoja kutoka kimo kimoja. Uzito ni ule ule, lakini iliyofinyangwa hutangulia. Basi hewa nayo ina neno, kwani huzuia zaidi kitu kilichotanda. Baada ya hapo ndipo usimulie kwamba mwaka 1971, mwezini, mwanaanga David Scott wa Marekani aliachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, vikafika chini pamoja, kwa kuwa mwezini hakuna hewa ya kuvizuia. Habari hii ikitangulia jaribio huwa hadithi tu. Ikifuata, mtoto huipokea akiwa na swali lake mwenyewe.

Jaribio la pili ni la jikoni, nami naliona kuwa bora kuliko yote. Mtoto akate duara la karatasi ngumu, upana wa kiganja. Kisha aanzie ukingoni na kukata kwa kuzunguka hadi karibu na katikati, mfano wa gamba la konokono. Afunge uzi katikati na kuliacha lining'inie juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto, kwa urefu wa mkono mzima, mama au dada mkubwa akiwapo. Karatasi itazunguka yenyewe. Hewa iliyopata joto hupanda, na ikipanda huisukuma.

Sasa mtoe mtoto jikoni umpeleke uwandani. Tumbusi, ambao wengi wetu huwaita tai, hawaonekani wakizunguka juu alfajiri. Hungoja hadi ardhi ipate joto, ndipo hutanda mabawa na kupanda kwa kuzunguka, karibu bila kuyapiga. Wamekalia hewa ile ile iliyozungusha karatasi jikoni. Mchungaji aandike saa aliyomwona wa kwanza akipanda, naye msichana aandike saa hiyo kutoka uani, kwa maana anga ni moja. Wasiokuwa na saa wapime kwa kivuli, au wamwulize babu. Wazee wamewatazama ndege hawa miaka mingi. Ukitaka kuwashangaza, waambie kwamba mwaka 1973 ndege ya abiria iligongana na tumbusi wa Rüppell, aina inayopatikana pia Serengeti, juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000.

Watoto wanaoishi karibu na mpaka wa hifadhi huenda wameona pia maputo makubwa ya hewa ya moto yanayobeba watalii juu ya Serengeti. Hayo huruka alfajiri, saa ambayo tumbusi bado wamekaa mitini. Kwa nini basi, ikiwa vyote viwili hupandishwa na hewa ya moto? Uliza swali hili na usilijibu siku hiyo. Puto hubeba moto wake wenyewe, hivyo hupenda asubuhi ambapo hewa ya nje ni baridi na upepo umetulia. Tumbusi hana moto, hungoja jua.

Kuhusu roketi, puto moja latosha darasa zima, nalo linunuliwe na mwalimu. Lipulize na kuliachia: hewa hutoka nyuma, puto huenda mbele. Wengi watadai kwamba roketi husukuma hewa iliyo nyuma yake. Waulize ingewezaje kwenda pasipo hewa. Mfano wa karibu tunao. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani ilirushwa kwenda kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Karibu na Ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilometa 1,670 hivi kwa saa, na roketi ielekeayo mashariki hupata msukumo huo bure.

Ukaribu wetu na Ikweta ndio utupao jaribio la mwisho. Simika uani fimbo ya mita moja, wima, ukiihakikisha kwa uzi wenye jiwe. Mtoto asitazame jua kamwe, hata kwa kioo kilichopakwa moshi. Kazi yake ni kivuli. Katika wilaya zetu jua hupita utosini karibu na tarehe 17 Machi na 27 Septemba, na kivuli karibu kitoweke. Lakini usipime saa sita kamili. Saa zetu hufuata nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kwenye nyuzi 34 hivi. Kwa hiyo mwezi Machi jua hufika utosini kwenye saa 6.50 mchana, na Septemba kwenye saa 6.35. Atakayepima saa sita Machi atakuta kivuli cha zaidi ya sentimeta 20 kikielekea magharibi, adhani jaribio limeharibika. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, sentimeta 46 hivi. Mwishoni mwa Desemba huelekea kaskazini, sentimeta 40 hivi.

Kabla ya kila jaribio, mtoto aandike anachotazamia kuona. Ukisahihisha, usitoe alama kwa kutabiri sawasawa. Zitoe kwa alichokiona, hata kama hakifanani na ulichoandika katika maandalio yako ya somo.