Kusoma ubao wa sataranji kabla ya kusogeza kete

Anayejifunza sataranji huuliza upesi: "Nicheze nini?" Kabla ya hapo kuna swali lingine: "Ubaoni pana nini?" Mpango unatokana na jibu lake.

Kwanza tazama wafalme, yupi yuko wazi. Hesabu kete za kila upande, kisha angalia zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Hayo ni ya haraka. Panapodai muda ni kwa askari, wale tunaowaita pioni, maana askari harudi nyuma.

Tuchukue mchezo wa Botvinnik na Keres, Moscow, 1952. Baada ya hatua kumi, Botvinnik (mweupe) ana askari a2, b2, d4, e3, f2, g2, h2; Keres ana a7, b7, c6, d5, f7, g7, h7. Idadi ni sawa, na wafalme wote wamejificha upande wa kulia. Ila upande wa kushoto weupe ni wawili na weusi ni watatu. Mpango unaofundishwa kila mahali ni huu: wachache washambulie wengi. Askari wa b apande hadi b5, wabadilishane kwenye c6, na mweusi abaki na askari mpweke asiyelindwa na mwenzake.

Botvinnik alipeleka ngome b1, kana kwamba ndiyo njia yake. Hatua mbili baadaye alisukuma f3, kisha ngome ileile ikahamia e1. Kwa nini? Tazama farasi wake: yuko e2, si f3 alipozoeleka. Kwa hiyo askari wa f ana njia, anaweza kumsaidia mwenzake kufika e4. Ndivyo ilivyokuwa: e4, halafu e5, na farasi wa pili akapitia e4 akaketi d6, katikati ya jeshi la Keres. Mweupe alishinda kwa kushambulia upande wa mfalme.

Sisi wa isimu jambo hili si geni. Neno "kifaru" peke yake halituambii kama ni mnyama au gari la vita. Tunasubiri "amekimbia" au "kimelipuka". Mpangilio wa askari nao ni hivyo, unaruhusu mipango miwili, na kete jirani ndiyo inayochagua. (Majina ya kete yenyewe yanastahili makala yake: kete ambayo Kifaransa huiita fou, yaani mwendawazimu, asili yake ni fil ya Kiarabu, tembo!)

Ndiyo sababu sipendi mafunzo yanayompa mwanafunzi mpango wa kukariri pamoja na jina lake. Anaucheza hata pale farasi anapomwambia vingine.

Zoezi: panga askari hao ubaoni, farasi mmoja mweupe c3, mwingine f3 badala ya e2. Hesabu hatua ambazo mweupe anahitaji ili afikishe askari e4 akiungwa mkono na f3, kisha hatua za kufikisha askari b5. Andika mpango wako kwa sentensi moja, ndipo uguse kete.