SOMO LA MGONGO NA MAJI: Mtu Mzima Aweza Kujifunza Kuogelea

Soma kwanza: Ezekieli 47:1-5 na Matendo ya Mitume 27:37-44

Ndugu msomaji, labda unasoma somo hili umekaa kwenye benchi la hospitali, na mkono wako uko kiunoni. Umelima miaka mingi. Umebeba kitunga cha mihogo mgongoni, na mkanda wake umekaza kwenye paji la uso. Au umeinama katika machimbo ya Kalima, ukichota mchanga wenye madini ya bati. Au umesukuma baiskeli yenye mzigo katika barabara ya Kindu. Sasa mgongo wako unakataa. Usiku huwezi kugeuka kitandani bila kuugua, na moyoni unauliza, "Je, kazi yangu imekwisha?"

Twakujibu: Kwa watu wengi haijakwisha. Lakini mgongo wako unahitaji kufundishwa tena, na maji yaweza kuwa mwalimu mwema.

1. Kwa nini mgongo unauma?

Mungu ameumba mgongo kwa mifupa midogo 24 inayopandana, na chini yake mifupa mingine iliyoungana. Kati ya mfupa na mfupa mna kitu kama mto mdogo. Kando yake mna misuli na kano zinazoushika, kama kamba zinavyoshika nguzo ya nyumba. Kamba zikilegea, nguzo huyumba.

Mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika. Misuli imechoka, imekakamaa, imekosa nguvu. Usiseme upesi, "Nimerogwa." Wala usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini.

Zamani waganga wa hospitali walimwambia mgonjwa alale kitandani siku nyingi. Siku hizi wamejua kwamba kulala hivyo kunaudhoofisha mgongo zaidi. Mwenye kuogopa maumivu hakai tu siku moja, hukaa mwezi. Misuli yake hupungua, shamba lake huota majani, na watoto hukosa sombe. Hata kujifunga mkanda kiunoni siku zote si dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya mgongo unaouma muda mrefu. Lilisema mgonjwa afundishwe na afanye mazoezi, tena halikushauri mikanda hiyo.

2. Maji yanasaidia namna gani?

Nabii Ezekieli aliona katika maono mto uliotoka hekaluni. Maji yalimfika kwanza kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini, kisha viunoni, na mwisho yakawa maji ya kuogelea. Maono yale ni ya mambo makuu ya Mungu, si somo la mgongo. Lakini tukumbuke mpango ule wa hatua kwa hatua, maana ndio mpango mwema kwa mtu anayejifunza.

Angalia sasa. Maji humbeba mtu. Ukisimama katika maji yaliyofika kitovuni, miguu na mgongo wako vinabeba kama nusu tu ya uzito wako. Yakifika kifuani, vinabeba kama theluthi. Yakifika shingoni, kama sehemu moja ya kumi. Basi mtu wa kilo 60 aliyesimama kwenye maji ya kifuani, mgongo wake unaona kama kilo 20. Kwa hiyo yule asiyeweza kutembea vema juu ya nchi kavu aweza kutembea ndani ya maji, na misuli yake ikapata nguvu bila kupondwa.

Lakini usiyafanye maji kuwa uganga. Naamani alipooga katika Yordani hakuponywa na uchawi wa mto, bali na Mungu. Maji yanakusaidia kujongea, na kujongea ndiko kunakosaidia mgongo.

3. Nani asiingie majini kabla ya kuonana na mganga?

Njoo hospitali kwanza, tena upesi, ukiona moja la mambo haya:

a) Homa, jasho la usiku, au mwili kukonda. Kifua kikuu chaweza kuingia katika mifupa ya mgongo.
b) Mguu umelegea au umekufa ganzi.
c) Huwezi kuzuia haja ndogo au kubwa, au mkojo umefunga, au huna hisia kati ya mapaja. Hili halingoji kesho.
d) Umeanguka mtini au umepata ajali.
e) Maumivu hayapungui hata ukilala, na yanazidi kila juma.

Tena mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kidonda, na mama mwenye mimba, wapate shauri kwanza.

4. Maji gani ni mema?

Hapa tunakuonya sana. Maji mengine huponza kuliko mgongo.

Usiingie katika mashimo ya zamani ya machimbo yaliyojaa maji. Kingo zake zinakatika ghafula, na chini yake hakujulikani. Usikaribie boma la maji wala mifereji ya mtambo wa umeme. Usijifunzie katika mto Lualaba, maana nguvu ya maji yake haionekani juu. Usiingie mtoni mvua inaponyesha au ikiwa imenyesha kwenye milima, kwa kuwa maji hujaa upesi. Waulize wenyeji habari za mamba na kiboko, nawe uwasadiki.

Kuna na adui mdogo, ndiye kichocho. Mwaka 1923 Daktari Clement Chesterman, mganga wa misioni ya Baptisti huko Yakusu, karibu na Stanleyville ambayo leo ni Kisangani, aliandika habari za ugonjwa huo katika nchi yetu. Vidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Wewe huwaoni. Uwaulize wauguzi wa eneo la afya kama maji yenu yana kichocho. Wakisema ndiyo, usiogelee humo. Na kama umekwisha kuoga humo zamani, uje upimwe choo na mkojo. Dawa iko, jina lake prazikwanteli.

Mtu aliyekosa maji mema asihuzunike. Atembee. Mwaka 2024 waganga wa Australia walitangaza habari za watu 701 ambao mgongo wao ulikuwa umeuma na kupona. Waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa, kwa katikati, siku 208 kabla ya mgongo kuwarudia. Wengine walikaa siku 112. Kuogelea si njia pekee. Ni njia moja, njema kwa yule ambaye kutembea kunamwumiza.

5. Namna ya kujifunza

Usiende peke yako kamwe. Mchukue mtu mzima anayejua kuogelea, naye asimame karibu nawe kila wakati. Chagua mahali penye mchanga chini, maji ya pole, yasiyopita kifua chako. Wanawake wajifunze pamoja na wanawake. Mama, usiingie na kikwembe kirefu. Kikilowa kitafunga miguu yako. Vaa suruali fupi na shati la kubana kidogo. Wala mtu asiingie amekunywa pombe.

Juma la kwanza: Tembea. Maji yafike magotini, kisha viunoni. Nenda mbele, rudi nyuma, enda upande. Dakika 10 zatosha.

Juma la pili: Jifunze kupumua. Vuta hewa kwa kinywa, tia uso majini, toa hewa polepole mpaka uone mapovu. Rudia mara 10. Watu wengi hawazami kwa sababu ya udhaifu wa mikono, bali kwa hofu inayowafanya wazuie pumzi na kupigapiga maji.

Juma la tatu: Lala chali juu ya maji. Rafiki yako atie mkono chini ya mgongo wako. Masikio yawe majini, tumbo juu, macho yatazame mbingu. Ukiinua kichwa, miguu itazama. Ukilegea, maji yatakubeba. Utasikia mgongo ukinyoka pasipo mzigo.

Juma la nne: Shika bidoni tupu iliyofungwa vizuri, uikumbatie kifuani ukiwa chali, na upige miguu polepole kutoka kwenye mapaja. Baadaye iache bidoni, utumie na mikono.

Anza na kuogelea chali. Kuogelea kifudifudi huku umeinua kichwa kunakunja mgongo wa chini, na wengine huumia zaidi. Fanya hivi mara mbili au tatu kwa juma, robo saa, kisha nusu saa. Kama huwezi hatua moja, irudie juma lingine. Maumivu kidogo yanayokwisha kesho yake si neno. Maumivu yanayoshuka chini ya goti, au ganzi, ni amri ya kuacha na kurudi hospitali.

6. Usione haya

Mzee mmoja aweza kusema, "Nina miaka 55. Wajukuu watanicheka wakiniona nashika bidoni kama mtoto." Na wacheke! Mhenga alisema, ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Huko Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kufundisha kuogelea wanawake na wasichana wa pwani, ambao wengi wao waliishi kando ya bahari bila kujua kuogelea. Kama wao waliweza kuanza, nawe waweza.

Tena faida ni mbili. Mtume Paulo alipovunjikiwa na merikebu, watu 276 walikuwamo. Akida aliwaamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza, na wengine wakashika mbao, wote wakafika pwani. Sisi wa Maniema tunasafiri kwa mitumbwi na boti za mbao. Mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani. Lakini aliyejifunza jana asidhani ameshinda Lualaba. Na avae jaketi la kujiokoa.

7. Siku nzima, si saa ya maji tu

Ukiogelea asubuhi na kubeba gunia zima mchana, umejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Gawanya mzigo uwe miwili. Kunja magoti unapoinua, na mzigo uwe karibu na kifua. Pumzika njiani. Nawe mume, mzigo wa kuni si wa mama peke yake.

Mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama mtume alivyowafundisha Wakorintho. Hekalu halifungwi mlango likaachwa livunde. Hutunzwa, hufagiwa, hutumiwa. Utunze mgongo wako, upate kulima, kuinama katika sala, na kumbeba mjukuu wako.

Maswali ya kukumbuka

1. Kwa nini kulala siku nyingi si dawa ya mgongo?
2. Taja dalili tatu zinazokutaka uende hospitali kwanza.
3. Maji yakifika kifuani, mgongo unabeba sehemu gani ya uzito wa mtu?
4. Kichocho chaingiaje mwilini? Utafanya nini kama maji yenu yanacho?
5. Nani atasimama karibu nawe siku ya kwanza? Sema jina lake, na uende kumwomba leo.