Baba anazicheka herufi zangu, niache kozi?

Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 20, kwetu Karatu, niko chuo mwaka wa kwanza. Tuna kozi ya mantiki ya alama. Mwalimu hujaza ubao P, Q na vimishale, nami nanakili tu. Jaribio la kwanza nimepata 7 kati ya 20. Likizo nilimwonyesha baba daftari. Yeye ni dereva wa watalii, hushuka kreta ya Ngorongoro karibu kila wiki. Akacheka: "Ng'ombe wawili nimeuza, mtoto anasomea herufi mbili?" Tangu siku hiyo najiambia: mwenye akili hufaulu, mimi sikufaulu, basi sina akili. Niiache kabla sijasapu?
Mwenye Haya, Karatu

Mwanangu, kabla ya baba, tuanze na hayo unayojiambia, maana umeniandikia hoja kamili bila kujua. Kama P, basi Q, Q haipo, kwa hiyo P haipo. Umbo hilo halina kasoro, na mwalimu wako angelitia vema. Kosa liko kwenye sentensi ya kwanza: si kweli kwamba kila mwenye akili hufaulu jaribio la kwanza. Mantiki ni kama mashine ya kusaga. Ukiitia mahindi yaliyooza itasaga vizuri tu, ila ugali hautalika. Umejihukumu kwa mahindi mabovu.

Sasa baba. Anajua kuliko mimi kwamba ndani ya kreta twiga hawaishi. Basi mwulize hivi: "Gari likiwa ndani ya kreta, mbele yake hakuna twiga. Mgeni kakutumia picha, twiga kasimama mbele ya gari. Yuko kreta?" Atasema hayuko, bila hata kufikiri. Mwulize tena: "Mgeni wa pili mbele yake hakuna twiga. Huyu je, yuko kreta?" Hapo atakucheka, kwa sababu mgeni huyo anaweza kuwa sokoni Karatu anachagua vitunguu.

Swali hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi darasani. Wanapewa "kama P, basi Q", wanaambiwa Q ipo, wanaandika haraka kwamba P ipo. Baba hanaswi kwa sababu barabara anazijua. Lakini mtu akiongelea ugonjwa, kesi au siasa, mambo tusiyoyajua vizuri, mtego uleule hutunasa na hatuuoni. Ndiyo maana mwalimu anafuta twiga na vitunguu na kubakiza herufi: ili ujizoeze kutazama kiungo peke yake, hata pale ambapo uzoefu haukusaidii.

Na herufi hizo si mchezo wa matajiri. George Boole, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1815, alikuwa mtoto wa fundi viatu na hakusoma chuo kikuu chochote. Alijifundisha mwenyewe, akawa profesa Cork, Ireland, mwaka 1849, na mwaka 1854 akachapisha kitabu kinachoigeuza mantiki kuwa hesabu. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon akaonyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kupangwa kwa hesabu hiyohiyo. Simu ya baba inafanya kazi kwa "na", "au" na "si" za daftari lako.

Kwa hiyo usiiache kwa sababu ya aibu. Chukua karatasi ya jaribio, nenda kwa mwalimu, mwombe akuonyeshe ulipopotea mara ya kwanza, si alama zote 13 ulizokosa. Kisha acha kunakili. Kila siku fanya maswali mawili kwa mkono wako, na kila fomula igeuze kwanza kuwa sentensi ya Kiswahili. Majedwali ya ukweli yachore mwenyewe: herufi mbili mistari 4, tatu mistari 8, nne 16. Mkono ukizoea, vimishale vitaacha kukutisha. Jaribio la pili likija na bado huambulii kitu, niandikie tena, tutazungumza juu ya kuacha.

Likizo ijayo usianze na daftari. Anza na twiga. Baba akishajibu yote mawili na kucheka, ndipo uchukue kalamu umwandikie alichosema: kwa herufi mbili.
Shangazi