Moyo Uliopasuliwa na Moyo Unaohisi: Kiswahili katika Kupima Ubora wa Maisha Baada ya Upasuaji

1.0 Utangulizi
Aghalabu mtu anapofanyiwa upasuaji wa moyo, jamaa zake huwa na swali moja: je, ametoka salama? Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, kunusurika ni mwanzo tu. Kidonda kinapopona, mgonjwa hutaka kujua iwapo ataweza kupanda ngazi, kufanya kazi, kulea wanawe na kulala bila hofu. Mambo hayo ndiyo yanayojumuishwa katika dhana ya ubora wa maisha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa ubora huo hupimwa kwa maneno, na kwamba kwa mgonjwa azungumzaye Kiswahili, neno "moyo" lenyewe linaweza kumpotosha anayempima.

2.0 Kipimo na Tafsiri Yake
Shirika la Afya Duniani huufasiri ubora wa maisha kuwa jinsi mtu anavyoiona hali yake maishani kwa kuzingatia utamaduni, maadili, malengo na matarajio yake. Kwa hivyo, shahidi mkuu ni mgonjwa mwenyewe. Mojawapo ya hojaji zinazotumiwa sana kumhoji ni SF-36, iliyochapishwa Marekani mwaka 1992. Ina maswali 36 yanayogusa nyanja 8, zikiwemo uwezo wa mwili, maumivu, mahusiano ya kijamii na afya ya akili. Toleo lake la Kiswahili lilijaribiwa jijini Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999.

Hojaji asilia ya Kiingereza hutaja mchezo wa gofu kama mfano wa shughuli ya wastani. Mfano huo hautatueleza lolote kuhusu nguvu za mama mkulima. Nguvu zake hupimwa kwa jembe, kwa mtoto wa mgongoni na kwa mtungi wa maji. Mfupa wa kidari uliokatwa wakati wa upasuaji huhitaji takribani wiki 6 hadi 12 kuunga, na katika muda huo mgonjwa hukatazwa kuinua vitu vizito. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20 au zaidi. Lakini aliyeuzoea tangu utotoni huenda asiuhesabu kuwa mzito. Yafaa basi mtungi wenyewe utajwe.

3.0 Utata wa Neno "Moyo"
Katika Kiswahili, moyo ni kiungo cha mwili na vilevile ni makao ya hisia, nia na ujasiri. Husemwa kuwa mtu amevunjika moyo, amekufa moyo, au ana moyo mzito. Sasa tuchukulie kuwa mgonjwa aliyepasuliwa miezi 3 iliyopita anasema, "Moyo wangu bado mzito." Je, analalamikia kifua au huzuni? Daktari akidhani ni kiungo, ataagiza vipimo, na vipimo vikiwa vizuri atamwambia hana neno. Huzuni itabaki pale pale. Ikumbukwe kuwa sonona huwapata wagonjwa wengi baada ya upasuaji wa moyo, na huweza kudhoofisha kupona kwao. Kinyume chake ni hatari zaidi: maumivu halisi ya kifua yakichukuliwa kuwa majonzi, uhai wenyewe umo mashakani. Tiba ya utata huu ni swali la pili: "Uzito huo unausikia kifuani, au ni mawazo yanayokusumbua?"

4.0 "Damu Nyepesi"
Nchini Kenya, vijana wengi wanaohitaji upasuaji wa vali za moyo ni wale walioathiriwa na homa ya baridi yabisi. Anayewekewa vali ya kutengenezwa kwa madini hulazimika kutumia warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hiyo huelezwa kuwa "ya kufanya damu iwe nyepesi". Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba inampunguzia damu, akaiacha. Kwa hakika, warfarini hupunguza kuganda kwa damu. Bila dawa hiyo, bonge la damu laweza kuziba vali au kufika ubongoni na kuleta kiharusi. Ikizidi, mgonjwa huweza kuvuja damu. Maneno "dawa ya kuzuia damu isigande" hayachukui muda mrefu kutamkwa, nayo yanaweza kuokoa maisha.

5.0 Hitimisho
Ni dhahiri kuwa kazi ya daktari wa upasuaji huendelezwa na lugha. Tunapendekeza wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa tiba na uuguzi kutafsiri hojaji na maelekezo ya dawa, kisha wayajaribu kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuyachapisha. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: ujinga ni kuuliza kwa lugha isiyomfikia anayeulizwa, kisha kuliamini jibu lake.