Majitaka ya Kijiji katika Nyanda Kame za Tanzania ya Kati

Katika vijiji vingi vya Dodoma na Singida, ambako mvua ya mwaka ni haba na hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, majitaka huwa machache kwa sababu maji yenyewe huchotwa kwa taabu, na kwa uchache huo huwa mazito, kwani kinyesi, mkojo na sabuni ya kaya huchanganyika na ndoo chache tu za maji. Mtambo uliosanifiwa kwa hesabu za mjini, unaotegemea maji mengi yanayotiririka mchana kutwa, hauwezi kuhamishiwa huko kama ulivyo.

Njia inayofahamika zaidi nchini ni mabwawa ya kutibu majitaka, yaani msururu wa mabwawa ya wazi ambamo bakteria huozesha uchafu, mwani huzalisha oksijeni, na muda mrefu wa kukaa juani hupunguza vimelea. Mabwawa hayo hayahitaji umeme wala kemikali, na kwa mji wenye ardhi ya kutosha ni vigumu kupata kilicho bora kwa gharama hiyo. Kwa kijiji kikame, hata hivyo, kasoro yake ni mvuke: mahali ambapo maji ya wazi hupoteza takribani milimita 5 kwa siku, bwawa la mita za mraba 200 hupoteza mita moja ya ujazo kila siku, kiasi ambacho kwa shule au zahanati yenye majitaka ya mita mbili au tatu za ujazo si kidogo hata chembe. Zaidi ya hayo chumvi haipandi na mvuke, bali hubaki ikiongezeka katika maji yanayosalia, hadi yakaunguza mimea ambayo yangeinywesha.

Kwa taasisi ndogo kama hizo, karo lenye vyumba viwili likifuatiwa na kitanda cha changarawe kilichopandwa matete lina sababu nzuri ya kupendelewa. Ndani ya karo, ambalo ni tangi lililofunikwa, vitu vizito hutuama na kuwa tope, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka yakiwa yamepunguza sehemu ya uchafu wake, ingawa bado ni hatari. Maji hayo hupita polepole katika changarawe yenye kina cha takribani sentimita 60, ambako bakteria walioshikamana na mawe huendelea kuyasafisha. Uso wa maji hubakizwa sentimita chache chini ya uso wa changarawe, jambo linalozuia harufu na kumnyima mahali pa kuzalia mbu aina ya Culex, anayependa maji machafu na ambaye ni miongoni mwa waenezaji wa matende. Matete nayo hunywa maji, na kiangazi hunywa mengi, kwa hiyo kitanda kisijengwe kikubwa kuliko inavyohitajika.

Sakafu ya kitanda haina budi kuzuia maji, kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au kwa turubai la plastiki. Sehemu kubwa ya ukanda huo imekaa juu ya miamba ya granaiti, na maji ya visima hupatikana katika nyufa zake, ambamo uchafu unaweza kusafiri mbali bila kuchujwa. Ndiyo maana shimo la kunyonya lililochimbwa karibu na kisima huweza kukipelekea nitrati, kemikali itokanayo na mkojo na kinyesi ambayo ikizidi hudhuru watoto wachanga.

Maji yaliyotibiwa yanafaa kumwagilia miti ya kivuli, ya mbao au ya kuni, lakini si mchicha wala mboga nyingine inayoweza kuliwa mbichi, kwa kuwa kitanda cha changarawe hakihakikishi kwamba vimelea vyote vimeondoka. Swali ambalo mkutano wa kijiji hulisahau ni la tope: nani ataliondoa likishafikia theluthi ya kina cha karo, na kwa fedha ipi, maana gari la kunyonya majitaka hutoka mjini na bei yake hupanda kwa umbali. Likipuuzwa, hufurika hadi kwenye changarawe na kuiziba, na changarawe iliyoziba hulazimika kuchimbuliwa yote na kuoshwa. Likitolewa, hukaushwa kwanza, kisha hutunzwa mahali pakavu zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupelekwa shambani, kwa sababu mayai ya minyoo ya tumbo hustahimili ukavu kuliko kimelea kingine chochote cha kawaida kilichomo.